Mashine haijafa, Mwalimu

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu na laptopu yangu ina miaka 12. RAM ni GB 4, na mwanangu aliniwekea Ubuntu Windows ilipokuwa nzito mno. Siku zote nikiwasha huniuliza neno la siri la diski, kisha huingia. Juzi nilikubali masasisho. Katikati likaja onyo kuhusu nafasi, nikalifunga. Nilipowasha tena, neno la siri halikuulizwa. Maandishi meupe yalipita, la mwisho likabaki: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", na taa ya Caps Lock inapepesa. Kijana mmoja ananiambia diski imekufa, nifute kila kitu niweke upya. Humo mna kumbukumbu za ukoo wetu nilizoandika kwa miaka sita. Nifute?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usifute, na usimkabidhi mtu laptopu hiyo mpaka umalize kusoma hapa.

Umenisaidia sana kutaja jambo ambalo wengi hulipita: neno la siri halikuulizwa. Anayeuliza neno hilo si Ubuntu yenyewe, maana wakati huo bado imefungiwa ndani ya diski. Ni faili moja iitwayo initrd, inayokaa nje ya kufuli, kwenye patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) ndogo ya /boot. Keneli, ile programu ya msingi inayoendesha mashine, ikiamka, initrd huishika mkono: huipa draiva za diski, hukuuliza neno la siri, hufungua, ndipo safari huendelea. Safari hii keneli mpya imeamka ikakosa wa kuishika mkono. Hiyo "unknown-block(0,0)" ni keneli inayosema haijui diski iko wapi. Na keneli yenyewe imesomwa kutoka diski hiyo hiyo, kwa hiyo huyo kijana amekimbilia hukumu.

Initrd imekosekana kwa sababu ya lile onyo ulilolifunga. Kila sasisho la keneli huja na keneli yake na initrd yake, na za zamani hubaki kwa muda. Diski ikiwa imefungwa kwa neno la siri, /boot huwa patisheni ya peke yake, na kwenye usakinishaji wa zamani ilipewa nafasi finyu. Initrd moja ni makumi ya megabaiti, nyingine huzidi 100. Ikafika zamu ya hii mpya, pakawa hapana pa kuiandika.

Keneli yako ya zamani bado ipo. Zima, washa, na mara nembo ya kampuni inapotokea bonyeza Shift bila kuachia. Isipokubali, zima tena na safari hii gusagusa Esc. Itakuja menyu ya GRUB, programu inayowasha keneli. Chagua "Advanced options for Ubuntu", halafu keneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu, isiyo na maneno "recovery mode". Ukiulizwa neno la siri, pumua.

Ukishaingia, kabla ya amri yoyote chomeka flashi unakili kumbukumbu za ukoo. Nasema hivi kwa uchungu. Laptopu ya kwanza kuletwa kwangu na tatizo hili niliiwekea mfumo upya usiku uleule, juu ya picha za harusi ya dada yangu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kilichokosekana kilikuwa nafasi tu kwenye /boot. Picha zile hazikurudi.

Sasa fungua terminali, andika df -h /boot. Naamini utaona imejaa 100% au karibu yake. Kisha uname -r itakutajia keneli unayoitumia sasa hivi. Iandike kwenye karatasi, hiyo haiguswi. Andika ls -lh /boot uone initrd zote na ukubwa wake. Ile ya namba ndogo kabisa, kama si ya kwenye karatasi, ihamishe kwa sudo mv uipeleke folda yako ya nyumbani. Nimesema kuhamisha, sijasema kufuta, ili ukikosea uirudishe. Wapo wanaoshauri kufagia /boot yote kwa rm, usiwasikilize.

Nafasi ikipatikana, endesha amri hizi, moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt autoremove --purge
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ya kwanza humalizia sasisho lililokatikia njiani, na hapo ndipo initrd iliyokosekana hutengenezwa. Ya tatu huondoa keneli zilizopitwa. Soma orodha yake kabla ya kukubali. Ya nne huandika upya initrd, ambayo pia huitwa initramfs. Ikitokea tena "No space left on device", simama, ongeza nafasi, rudia. Ukiona mistari imepita salama, zima na uwashe kawaida.

Kwa kuwa /boot yako ni finyu, ipunguzie mzigo pia. Katika faili /etc/initramfs-tools/initramfs.conf badilisha MODULES=most iwe MODULES=dep, kisha rudia ile update-initramfs. Initrd itabeba draiva za mashine yako tu. Ila siku ukihamishia diski kwenye laptopu nyingine huenda isiwake, basi mwambie mwanao umefanya hivyo.

SWALI: Yangu baada ya kusasisha inasimama penye neno (initramfs), juu yake imeandikwa "RUN fsck MANUALLY". Nimezoea kuizima kwa kitufe. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hapo initrd ipo na inafanya kazi yake, kilichochafuka ni mpangilio wa mafaili, na kuzima kwa kitufe huchangia sana. Ujumbe huo hutaja jina la patisheni, tuseme /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2 (amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio huo) kwa jina lako hilo, subiri, kisha reboot. Lakini kama diski inagonga kwa sauti, au mashine imekuwa ikiganda wiki nzima, usianze na fsck. Washa kwa flashi yenye Ubuntu, weka smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, utazame sudo smartctl -a /dev/sda. Penye Current_Pending_Sector (sehemu za diski zilizoshindikana kusomeka), namba ya mwisho ya mstari ikizidi 0, nakili kwanza diski nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine, na fsck uiendeshe juu ya nakala hiyo.