“The alarm went off”: king'ora kililia au kilizimika?

Msomaji mmoja, mlinzi wa zamu ya usiku hotelini, ameniletea swali ambalo najua linawasumbua wengi. Meneja wake alimwandikia: “The alarm went off at 2 a.m. What happened?” Naye akajibu kwamba fundi ataitwa asubuhi aje akiwashe. Meneja hakuelewa fundi wa nini, kwa sababu king'ora kilikuwa kimelia saa nane usiku na hakikuwa na hitilafu yoyote.

Kosa hili si la uvivu wala la uzembe. “Off” wengi wetu tulikutana nalo kwanza kwenye swichi ya taa: “on” kuwasha, “off” kuzima. Lakini katika “go off” kijineno hicho kinaweza kubeba maana ya kitu kilichotulia kufyatuka ghafla. Bomu likilipuka, “it goes off”. Bunduki ikifyatuka, “it goes off”. Saa ya kuamshia ikilia, ni vivyo hivyo. Halafu umeme ukikatika, “the power goes off”, na Uingereza maziwa yakiharibika watu husema “the milk has gone off”. Maneno ni yale yale mawili, na kinachoamua maana ni kile kinachotajwa kabla yake. Kwa hiyo usiandike kwenye daftari lako “go off = kulia”. Andika “the alarm went off = king'ora kililia”, na mstari wa chini yake “the power went off = umeme ulikatika”.

Vitenzi hivi vya maneno mawili, ambavyo walimu huviita “phrasal verbs”, vinatisha watu bure. Sisi tunakata tamaa, tunakata tiketi, tunakata rufaa na kukata shauri, na kisu hakipo. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Hakuna mtoto aliyekaririshwa maana ishirini za “kata”. Alisikia “kata” na “tamaa” zikitembea pamoja mpaka zikamkaa. “Give up” inataka kuchukuliwa hivyo hivyo, nzima nzima.

Tunapoteleza ni hapa. Kiswahili huingiza mabadiliko ndani ya kitenzi chenyewe: funga ikawa fungua, kimbia ikawa kimbilia, hama ikawa hamia. Mwingereza mara nyingi hukiacha kitenzi kama kilivyo, akabandika kijineno nje. Sikio letu linakiona kile cha nje kama pambo, tunakiangusha. Ndiyo maana unasikia Nairobi na Dar es Salaam “I will pick you at the airport”. Kwetu inaeleweka, lakini kwa Mwingereza “pick you” ni kukuchagua. Kukufuata kwa gari ni “pick you up”. Wakati mwingine tunakosea upande wa pili, tunaongeza pasipohitajika: “cope up with”, “discuss about”, “return back”. Sahihi ni “cope with”, “discuss” na “return” basi. Nadhani “cope up with” imeazima “up” kwa “keep up with” na “put up with”, na inaniuma kuiona kwenye barua za maombi ya kazi za watu wenye uwezo kabisa.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo msomaji Mwingereza hukutambua mara moja. “Turn off the light” ni sawa, “turn the light off” pia ni sawa. Lakini ukitumia “it” badala ya “the light”, hakuna hiari: ni “turn it off”. “Turn off it” haipo. Kumbe “look for” haikubali kutenganishwa hata kidogo: “look for the key”, “look for it”, kamwe si “look it for”. Utajuaje kipi ni kipi? Kamusi nzuri ya wanafunzi huonyesha, lakini hata sikio husaidia. Katika “turn it off” sauti hupanda kwenye “off”. Katika “look for it” sauti hupanda kwenye “look”, na “for” humezwa. Na kitu kinachotendwa kikiwa kirefu, usikichomeke katikati. Andika “turn off the lights in the two rooms at the back”, usimwache msomaji akisubiri “off” mwisho wa mstari.

“I look forward to hear from you” ni kosa linaloharibu barua nzuri kwenye mstari wa mwisho. Kipimo chake ni chepesi: jaribu kuweka jina la kitu baada ya “to”. “I look forward to the meeting” inakaa vizuri, kwa hiyo kitenzi kikija hapo lazima kivae “-ing”: “to hearing from you”.

Ukijiuliza uandike neno moja au mawili, “login” au “log in”, pima kwa wakati uliopita. Huwezi kuandika “loginned”. Utaandika “logged in”. Basi kitendo ni “log in”, maneno mawili, na “login” ni jina. “Back up” na “backup”, “set up” na “setup” hufuata njia hiyo hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba Kiingereza cha heshima hakina vitenzi hivi. Si kweli. “Carry out”, “set up” na “look into” zinakaa vizuri kwenye ripoti rasmi. “Put off” iache kwenye WhatsApp ya wenzako, kwenye barua ya bodi andika “postpone”. Lakini ukimwambia mgeni wako “extinguish the light”, umemsomea hukumu. Na usione haya vikikusumbua: Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza, katika utangulizi wa kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kwamba hapa ndipo wageni hupata ugumu mkubwa kuliko kwingine.

Kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ukiambiwa ubadilishe neno moja kwa vitenzi hivi, angalia wakati kabla ya maana. “Discovered” inataka “found out”. Ukiandika “find out” unapoteza alama ukiwa na jibu kichwani.

Vitatu kwa siku vinatosha, kila kimoja katika sentensi yenye mtu, kitu, na “it” au “them” mahali pake. “Take off” peke yake ina mistari minne: ndege ilipaa, “the plane took off”, viatu alivivua, “he took them off”, Jumatatu hakuja kazini, “he took Monday off”, biashara ilishika kasi, “the business took off”. Ona kwamba mstari wa kwanza na wa nne haina kitu kinachotendwa, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha.

Na wewe mlinzi, jibu la kumwandikia meneja ni hili: “The alarm went off at 2 a.m. I looked into it, found nothing, and turned it off at 2:10.” “Off” ya kwanza kinalia, ya pili umekizima.