Skeli ninazijua zote, mbona solo hainitoki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga saksafoni ya alto kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisani kwetu hapa Dodoma, huu mwaka wa tatu. Noti za karatasini nasoma bila shida. Karibuni nimejiunga na vijana wenzangu watatu, wa kinanda, besi na dramu, tunajifunza jazi kila Jumamosi jioni. Wakinipa nafasi ya solo, yaani kutunga na kupiga peke yangu papo hapo, napandisha skeli (ile ngazi ya noti) na kuishusha, kidogo tu sijui wimbo umefika wapi, basi nanyamaza. Nimekariri skeli zote 12 za meja, na ya bluzi pia. Nakosea wapi? Halafu baba anasema jazi ya kweli ni ile ya Morogoro Jazz. Ni kitu kimoja? – Mpiga alto, Nkuhungu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Una matatizo mawili yaliyoshikana: unapotea njia, na hata ukiwa njiani huna la kusema. Tuanze na kupotea, maana hilo lisipotibiwa mengine hayashiki.

Bluzi ya kawaida ina baa 12, yaani vipande 12 vya wimbo vilivyo sawa, kila baa mapigo 4. Noti za alto huandikwa kwa majina tofauti na ya kinanda: mpiga kinanda akiwa kwenye B flati, wewe wa alto unasoma G. Kwako kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zitakwenda hivi: G7 baa 4, C7 baa 2, G7 baa 2, kisha D7 baa 1, C7 baa 1, na G7 baa 2 za kufungia. Mkimaliza mnarudi mwanzo. Sasa saksafoni iache ndani ya mkoba wake. Toka asubuhi kabla jua la Dodoma halijawa kali, tembea, kila hatua iwe pigo moja, huku unaimba kwa sauti noti ya chini ya kila kodi: G, C, G, D, C, G. Hatua 48 na umerudi mwanzo. Fanya hivyo wiki nzima, mpaka siku utakayosalimiwa njiani, ukaitikia, ukaendelea kuimba bila kupoteza baa. Mimi hili nililichelewa sana. Mwalimu wangu wa kwanza alinipa skeli juu ya skeli, na kwa miaka miwili nilikuwa mtu mwenye maneno mengi asiyejua kikao kinajadili nini.

Zile baa 12 pia zina mazungumzo ndani yake. Mwimbaji wa bluzi husema jambo, hulirudia, kisha hulijibu: baa 4, nyingine 4, nyingine 4. Ukizisikia kama sentensi tatu, hutahitaji kuhesabu vidole ukiwa katikati ya solo. Wewe wa kanisani hili unalijua tangu utotoni, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia.

Sasa la kusema. Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani, ana wimbo uitwao C Jam Blues, wa mwaka 1942, ambao melodi yake yote imejengwa kwa noti 2 tu. Mbili! Na watu wanaipiga mpaka leo. Kwa hiyo nakupa noti 2, D na G, na nakukataza nyingine zote kwa siku kumi. Utaona kwamba ukinyimwa noti unalazimika kuanza kufikiri kuhusu mapigo: niingie kwenye pigo la kwanza, au nililiache lipite niingie nyuma yake? Noti hii niivute au niikate? Hapo ndipo jazi ilipo. Noti sahihi kwenye pigo lililolala inachosha, na noti mbili zilizokaa vizuri kwenye mapigo zinamfanya mpiga dramu ainue kichwa. Piga kauli fupi ya baa 2, nyamaza baa 2, halafu irudie ukibadilisha kitu kimoja tu. Ule ukimya uuheshimu. Ndipo wenzako wanapata nafasi ya kukuitikia, na wewe unapumua.

Na kabla ya kuipiga, iimbe. Usichoweza kukiimba, vidole vyako vinakibahatisha. Skeli ulizokariri hazijapotea bure, ila sasa hivi vidole vinakwenda vilikozoea na sikio linafuata nyuma. Tunataka sikio litangulie.

Baada ya siku hizo kumi ongeza jambo moja ambalo mimi naona ni zuri kuliko mengi ya kwenye vitabu. Kila kodi kati ya hizo tatu ina noti mbili zinazoibeba tabia yake, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti yake ya chini. Kwenye G7 ni B na F. Kwenye C7 ni E na B flati. Ziangalie: kodi ikitoka G7 kwenda C7, B inashuka nusu hatua, yaani hadi noti ya jirani kabisa, kuwa B flati, na F inashuka nusu hatua kuwa E. Ukienda D7 zinapanda badala yake, B inakuwa C, na F inakuwa F shapu. Vidole vinasogea kidogo mno, lakini msikilizaji anasikia kodi ikigeuka hata kinanda kikinyamaza. Zipige polepole, noti ndefu, kwa mapigo 80 kwa dakika. Mzunguko mzima ni sekunde 36, basi dakika kumi zinakutosha kuupitia zaidi ya mara kumi na tano.

Kusikiliza usikuache nyuma. Chukua solo ya mpiga tarumbeta Miles Davis kwenye wimbo So What wa mwaka 1959, uipunguze mwendo hadi nusu kwenye simu, na ujifunze baa 4 kwa sikio, bila karatasi. Wimbo huo una skeli mbili tu: baa 16 kwenye moja, 8 kwenye nyingine nusu hatua juu, kisha 8 za kurudi. Kwa alto yako unaanza B, unapanda C, unarudi B. Davis hakimbii kokote humo, na ndiyo sababu namchagua kwa mwanafunzi.

Hata huku Ugogoni una walimu. Sikiliza marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake, ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba: kauli fupi inarudi na kurudi, na kila inaporudi kuna kitu kimesogea. Noti za ilimba haziko sawasawa na za kinanda, kwa hiyo usizilazimishe kwenye alto. Chukua ile subira yake ya kukaa na kauli moja.

Kuhusu baba: mpe heshima yake. Jina jazi hapa kwetu lilishikwa na bendi za dansi, na muziki wao ulikuwa karibu zaidi na rumba kuliko jazi ya Marekani. Lakini gitaa la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz linazungumza, linauliza na kujijibu, na hilo ndilo unalotafuta. Kaa naye siku moja mzisikilize pamoja, umwombe akuimbie solo anayoipenda.

Jambo dogo la mwisho: hewa yetu hapa ni kavu, ridi, kile kijiti chembamba cha mdomo wa saksafoni, inakauka upesi ukisubiri zamu yako. Iloweshe mdomoni wakati mwenzako anapiga, la sivyo noti ya kwanza italia vibaya nawe utadhani umekosea.

Jumamosi hii omba mzunguko mmoja tu, kwa noti zako mbili. Baa 2 za mwisho ziache tupu, umtazame mpiga kinanda.