Ukinunua mkusanyo wa michezo ya zamani, usihesabu michezo

Makasha ya mikusanyo ya michezo ya video ya zamani, ile iliyokuwa ikichezwa kwenye mashine za kutia sarafu, hupenda kujisifu kwa namba: michezo 16, michezo 22, michezo 29. Mimi naligeuza kasha, nasoma orodha iliyo nyuma, na najiuliza swali moja: kati ya hii yote, ni mingapi ambayo watu wawili wanaicheza kwa wakati mmoja?

Nauliza hivyo kwa sababu hapa Lubumbashi konsoli, mashine ya kuchezea michezo kwenye televisheni, haina mwenyewe. Ukiiwasha sebuleni mtaani Katuba, watoto wa jirani wamekwisha kufika kabla hujaunganisha waya wa pili. Nimewahi kuendesha chumba cha michezo, sasa nacheza na wa nyumbani tu, lakini ugomvi ni ule ule: nani anashika maneti, kile kidude cha mkononi chenye vitufe.

Chukua Pac-Man ya 1980 au Galaga ya 1981. Ni michezo mizuri mno, na kasha litakuambia ni ya wachezaji wawili. Maana yake ni kupokezana: mmoja anacheza mpaka afe, mwenzake anangoja. Mtu anayeijua Galaga anaweza kukaa na zamu moja mpaka chai ipoe, na yule anayengoja ataanza kuchezea waya wa umeme. Sasa weka Bubble Bobble ya 1986, iliyomo kwenye mkusanyo wa Taito Legends wa PlayStation 2 (PS2). Wawili wanaingia pamoja, wanapuliza mapovu, wanaibiana matunda, wanasukumana kwa mabega mpaka kwenye kochi. Metal Slug nayo ni hivyo hivyo, na Final Fight, na Joust iliyo kwenye Midway Arcade Treasures. Kwa nyumba ya watu wengi, mikusanyo yenye michezo ya namna hii ndiyo inayolipa pesa yake.

Kama una PS2 na unataka diski moja tu, mimi ningetafuta Capcom Classics Collection ya 2005. Ina michezo 22, ikiwemo Final Fight na matoleo matatu ya Street Fighter II. Ile Street Fighter II ya 1991 haihitaji sheria mpya: anayeshindwa anaachia maneti, anayefuata anakaa. Foleni inakwenda haraka, hata mdogo kabisa anapata zamu.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Michezo hii ilitengenezwa ili ile pesa. Ugumu wake una hesabu: mtu afe mapema kiasi, akiwa bado na hamu, atie sarafu nyingine. Nyumbani sarafu ni kitufe, unabonyeza bure hata mara mia. Ukiwaachia watoto hivyo, Metal Slug inaisha kwa muda mfupi kuliko mechi ya mpira ya Mazembe, na kesho yake hakuna anayeitaka tena. Kwangu ni sarafu tatu kwa mtu, basi. Zikiisha, unampisha mwenzako. Siku ya kwanza walininunia. Baada ya hapo wakaanza kukariri adui anatokea wapi, bomu la kuhifadhi ni lipi, na mchezo ukawa na urefu wake wa kweli.

Maneti nayo ni ya kuangalia. Pac-Man iliongozwa kwa fimbo ya pande nne, kwa hiyo tumia vitufe vya msalaba, usitumie kile kifimbo cha mviringo, vinginevyo utakosa kona na utaulaumu mchezo. Robotron: 2084 ilikuwa na fimbo mbili, moja ya kutembea na moja ya kupiga risasi, na maneti ya PlayStation yenye vifimbo viwili inaifaa kabisa. Missile Command na Centipede, hapana. Hizo zilichezwa kwa mpira wa kuviringisha kwa kiganja, na kwa kifimbo zinakuwa nzito. Zikijaza nusu ya orodha yako, fikiri mara mbili.

Na kama televisheni yako ni bapa, ingia kwenye menyu ya picha uchague Jeu, yaani hali ya mchezo. Nyingi huchelewesha picha kidogo ili kuipamba, na kwenye michezo hii hicho kidogo ndicho kifo.

Mdogo wangu alinijia kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na kijikonsoli cha plastiki: «Yaya, hii iko na michezo mia tano!» Tuliiwasha. Mingi ilikuwa mchezo ule ule umebadilishwa jina na rangi. Tena iliyomo humo kwa kawaida ni matoleo ya Famicom, konsoli ya zamani ya nyumbani ya Nintendo. Donkey Kong ya mashine, ya 1981, ina hatua nne. Ile ya Famicom ya 1983 ina tatu, hatua ya saruji iliachwa. Kwa mtoto anayeanza si mbaya. Kwa mtu anayetafuta mchezo alioucheza zamani, ni pesa ya kutupa.

Mikusanyo mipya ya PS4 na Nintendo Switch, kama Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018 yenye michezo 12, ina faida moja kubwa: unahifadhi mahali ulipofika. Diski nyingi za PS2 hutunza alama za juu tu, na umeme ukikatika katikati ya mchezo, umekwenda nao. Lakini baadhi ya mikusanyo mipya inapakuliwa tu. Capcom Arcade Stadium ya 2021 unaipata na mchezo mmoja wa bure, mingine unailipia, na megabaiti ni juu yako. Diski ukishanunua, ni yako, na ukiichoka unaiuza.

Kuhusu PS2 za mitumba: zinazopita mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini hutumia diski za mfumo wa Ulaya. Aliyoleta ndugu kutoka Marekani ina mfumo mwingine, diski hazibadilishani isipokuwa mashine imefunguliwa na fundi. Soma pia mgongoni: zile nene za Marekani zimeandikwa volti 120, na ukutani kwetu ni 220. Bila transfoma usiichomeke, hata kwa kujaribu.

Kwa wanaoniuliza Ms. Pac-Man: kwenye Pac-Man Museum+ ya 2022 haimo, ingawa jina linakufanya udhani imo. Tafuta Namco Museum 50th Anniversary ya 2005, na umwambie muuzaji aiwashe mbele yako mpaka mchezo wenyewe uanze. Diski yenye mikwaruzo hufungua orodha vizuri kabisa, halafu inakwama ukichagua mchezo.