Fundi Nijibu: Forester inatiki asubuhi, mlimani haina nguvu, eti turbo imekufa?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Chumbageni hapa Tanga, nina Subaru Forester ya turbo, ya mwaka 2004. Asubuhi nikiiwasha inalia tik tik tik upande wa chini mbele, ila nikishafika Pongwe sauti haipo tena, kimyaaa. Tatizo nguvu. Zamani nikikanyaga tu turbo inaingia, sasa hivi mpaka mshale wa resi uvuke 3,500 ndo inashtuka. Juzi tunapanda Mombo kwenda Lushoto pale karibu na Soni nimepitwa na Kosta imejaa abiria na mizigo juu, wanangu nyuma wanacheka. Taa ya injini imewaka, wamepima na mashine ikatoa namba ya kosa P0171. Fundi wa kwanza kasema turbo imekufa nikatafute ya mtumba Dar, wa pili kasema nisafishe nozeli za kupulizia mafuta. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hao watoto maana kicheko cha watoto ndani ya gari kinauma kuliko bei ya turbo. Usimfuate yeyote kwanza. Weka hela mfukoni, sauti inayolia baridi ikapotea moto ni waja leo waondoka leo, na sababu inajulikana, mara nyingi ni eksozi (bomba la kutolea moshi) inavuja: chuma kikiwa cha baridi ufa au gasketi (ile ya kuziba kwenye ungio) iliyoungua inaacha nafasi, moshi unapenya kwa mapigo, ndo hiyo tik tik. Chuma kikipata moto kinatanuka, nafasi inabana, sauti inakwisha. Lakini sauti kuisha haimaanishi moshi umeacha kuvuja, ukikanyaga sana presha inapanda na unapenya tena, wewe husikii tu kwa sababu ya kelele ya injini na muziki.

Sasa sikiliza kwa nini nguvu imeondoka. Turbo haiendeshwi na mkanda wala umeme, inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, moshi ukipita kwa kasi unazungusha feni yake zaidi ya mara laki moja kwa dakika na feni ya upande wa pili ndo inashindilia hewa kwenye injini. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua tanga likitoboka ngalawa inakwenda ila kwa kujikongoja, na upepo ni uleule. Kwa hiyo mvujo ukiwa KABLA ya turbo unaiba nguvu, turbo inachelewa kuamka. Mvujo ukiwa baada ya turbo unapata kelele na harufu, nguvu hutaona imepungua sana. Hii tofauti ishike, mafundi wengi wanavuja hapo (samahani wenzangu).

Na hiyo P0171 maana yake kompyuta inalalamika hewa ni nyingi mafuta ni machache. Watu wakiisoma wanakimbilia nozeli na pampu. Mvujo wa kabla ya turbo nao unaweza kuileta, kwa sababu katikati ya pigo moja la moshi na lingine pale penye tundu panavuta hewa ya nje kidogo, hewa hiyo inapita kwenye sensa ya oksijeni, sensa inaripoti oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika, gari inakula mafuta na haiendi. Ila sikufichi, P0171 inaletwa pia na paipu za hewa zilizopasuka upande wa kuingizia, au ile intakula inayopooza hewa (jina lake lenyewe linakuonya kuhusu mfuko wako). Kuzitofautisha si kazi: mpira wa hewa uliopasuka unapiga shhhhh ukikanyaga na gari ikiwa moto hauachi, eksozi inatiki na inatiki zaidi baridi.

Kuna kitu kimoja kitakudanganya. Injini za Subaru za aina hiyo nyingi zina tabia ya pistoni kugonga kidogo zikiwa baridi, na sauti yake inafanana mno na ya eksozi. Nilishafungua eksozi nzima ya mteja mmoja nikakuta iko safi, ilikuwa pistoni, jioni nzima imekwenda na hela nikaona haya kudai. Siku hizi nafanya hivi: gari ilale usiku, asubuhi ipaki mahali pa wazi, sio ndani ya banda. Mtu mmoja avae glavu nene akunje kitambaa kizito kilicholoa maji, mwingine awashe, yule wa nyuma azibe mdomo wa bomba sekunde mbili tatu aachie. Eksozi ikiwa inavuja presha inarudi nyuma na ile tik tik inapaza sauti au inageuka pfff pfff, wakati huo unasikiliza mbele. Pistoni haijali kitambaa chako, italia vilevile. Usizibe mpaka injini izime, na uso usiweke nyuma ya bomba.

Ukishajua ni eksozi tafuta wapi. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kama mita moja, ncha moja sikioni nyingine itembeze kwenye maungio, angalia usiguse mikanda wala feni. Njia ninayoipenda mimi lakini ni sabuni: injini imezimwa, ya baridi kabisa, azima blowa kwa vijana wanaotengeneza kompyuta, elekeza upepo ndani ya bomba la nyuma, zungushia kitambaa usirudi nje, halafu pulizia maji ya sabuni kwenye kila ungio. Panapotoa mapovu ndo penyewe. Macho nayo yanasaidia sana, angalia masizi, ungio linalovuja linaacha alama nyeusi au ya kijivu imechanuka kama brashi kutoka kwenye tundu.

Kwenye Forester yako injini imelala, vichwa viko viwili kushoto na kulia, moshi wa pande zote unakusanywa chini halafu unapanda kwa bomba moja kwenda kwenye turbo iliyo juu upande wa kulia nyuma ya injini. Anza hapohapo: gasketi za kwenye vichwa, ungio la chini la lile bomba linalopanda, na ungio lake la juu linaposhika turbo. Kabla hujalaumu chochote gonga gonga yale mabati ya kuzuia joto, bati lililolegea linaweza kukuzungusha wiki nzima na dawa yake ni bolti moja.

Kutengeneza sasa. Usikubali silikoni. Ile nyekundu ya dukani nyingi zinaandikwa zinavumilia nyuzi 300 na kitu, moshi kabla ya turbo ukikanyaga mlimani unafika 800 hadi 900, kwa hiyo silikoni inageuka jivu, na vipande vyake vikichomoka vinaelekea moja kwa moja kwenye feni ya turbo. Weka gasketi ya chuma, mpya, ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzima. Kazi ngumu ni nati. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, gari iliyokaa miaka mitatu Raskazone nati zake za eksozi utadhani zimeokotwa baharini, ukiingia na spana ndefu kwa hasira bolti inakatikia ndani ya kichwa ambacho ni cha aluminiamu na hapo umeongeza kazi mara tatu. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, fungua robo, rudisha, fungua tena nusu. Ikikatika usichimbe kwa kubahatisha, peleka kwa wenye mashine ya kukereza vyuma.

Ukishafungua weka rula ya chuma juu ya uso wa ungio uangalie mwanga. Uso ukiwa umepinda gasketi mpya itaungua mwezi huohuo, upelekwe usawazishwe. Lile bomba likiwa na ufa na ni la chuma cha kawaida, mchomeleaji mzuri wa gesi ya agoni analiziba vizuri, litolewe nje ya gari. Kama una manifodi (mabomba ya kukusanya moshi kutoka kwenye vichwa) ya chuma cha kumimina hiyo ni habari nyingine, inataka kupashwa moto kwanza na kuchomelewa kwa vijiti vya nikeli, na hata hivyo nyingi zinapasuka tena pembeni ya mshono, heri ununue. Kufunga kaza kidogo kidogo kwa kupishana, usimalize moja ndo uende nyingine, endesha ipate moto, iache ipoe usiku, kagua nati tena. Kisha futa P0171, rudia mtihani wa kitambaa, na upande Lushoto. Ikiwa bado inachelewa hapo ndo tuongee turbo.

SWALI: Fundi habari, mimi naendesha Noah ya abiria Tanga kwenda Pangani. Siti ya nyuma wanalalamika kichwa kinauma, eksozi inanguruma katikati ya gari. Wameniambia nifungue mlango wa nyuma kidogo hewa ipite. Ni sawa?

JIBU: Si sawa kaka, na usipakie mtu kesho. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Ukiufungua mlango wa nyuma gari ikiwa inakwenda, nyuma yake upepo unazunguka na kuvuta moshi uingie ndani zaidi. Mvujo wako huo uko chini ya sakafu, kwa kawaida ni paipu ya kunyumbuka imekatika au ungio la sailensa, ni kazi ya saa moja na si ya gharama. Fundi wako akague na mipira ya sakafu na ya mlango, maana moshi umepata njia.

SWALI: Fundi, rafiki yangu wa Raskazone katoboa sailensa ya gari yake ya turbo, anasema inavuta zaidi. Nitoboe yangu?

JIBU: Bomba pana baada ya turbo kweli linaisaidia turbo kupumua, ila hilo ni bomba lililotengenezwa kwa vipimo, sio msumari na nyundo. Rafiki yako amepata kelele, na sikio likisikia kelele mguu unaamini gari inakimbia. Mwambie mpime kwa saa, kuanzia taa za barabarani mpaka mahali mnapokubaliana, kabla hujachukua msumari.