Kukadiria Chakula cha Ng'ombe Anayekamuliwa: Hesabu Wiki Tangu Azae

Kwa miaka kadhaa nilikadiria chakula cha ng'ombe wangu kwa kutazama ndoo ya maziwa peke yake. Kosa lilijitokeza kwa ng'ombe mmoja aliyekuwa na wiki mbili tangu azae, akitoa takriban kilo 20 za maziwa kwa siku, kwani kila asubuhi nilikuta hori lina mabaki mengi, yenye joto ukiyashika na yanayonuka uchachu. Nilidhani anaumwa, kumbe hesabu yangu ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Maziwa hufikia kilele kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa, ilhali ulaji hufikia kilele baadaye, kwenye wiki ya 10 hadi ya 14, na pengo hilo ng'ombe hulifidia kwa mafuta ya mwili wake, ndiyo maana hukonda. Kanuni iliyotolewa mwaka 2001 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani huzingatia uzito wa ng'ombe, maziwa yaliyorekebishwa kwa kiwango cha mafuta cha asilimia 4 (yaani yakihesabiwa kana kwamba yana mafuta ya asilimia 4), na wiki tangu azae. Kwa ng'ombe wa kilo 500 mwenye kilo 20 za maziwa hayo, nilipata karibu kilo 12 za chakula katika wiki ya 2, na zaidi ya kilo 17 katika wiki ya 16. Ng'ombe ni yuleyule na maziwa ni yaleyale!

Kilo hizo ni za chakula kisichohesabiwa maji, na hapa ndipo wengi wetu hujidanganya. Mimi hukatakata kilo 1 ya majani mabichi, nikayakausha kwa moto mdogo na kuyapima tena na tena hadi uzito ukome kushuka. Zikibaki gramu 200, basi kilo 12 kavu ni kilo 60 za majani hayo. Mvua ikinyesha, napima upya.

Hata hivyo, kanuni hiyo haijui kwamba majani yako yamekomaa na kujaa nyuzinyuzi zinazoshibisha tumbo mapema, wala kwamba joto limemkatisha hamu. Kwa hiyo napima mabaki kabla ya kulisha asubuhi: yakiwa asilimia 3 hadi 5 ya nilichoweka, sibadilishi kitu, hori likiwa tupu, naongeza, na yakibaki mashina matupu, najua amechagua majani laini, hivyo nakatakata vipande vifupi zaidi kabla ya kugusa kipimo.