Utafiti au utafutaji? Na hiyo "ardhi"?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Kwenye ikisiri ya tasnifu yangu niliandika "algoriti za utafiti za kuratibu mawasiliano ya setilaiti na vituo vya ardhi". Msimamizi wangu amezungushia wino mwekundu maneno matatu: utafiti, kuratibu, ardhi. Nimekosea wapi?

JIBU: Mawili ana haki. La tatu ningejadiliana naye.

Tuanze na jepesi. Mtu akisikia "kituo cha ardhi" atachukua hati ya kiwanja chake aende kulalamikia mpaka. Tia -ni: kituo cha ardhini, yaani kilicho huku chini, si kile chombo kinachozunguka angani. Kama kile cha Waitaliano kule Malindi, ambako setilaiti yenye jina letu, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini tarehe 12 Desemba 1970.

Sasa utafiti. Mtafiti anataka kujua, mtafutaji anataka kupata. Aliyepotelewa na mbuzi hafanyi utafiti wa mbuzi. Algoriti yako, yaani hatua ambazo programu inazifuata, nayo haichunguzi jambo, inasaka mpangilio unaofaa. Setilaiti ya obiti ya chini, yaani inayoizunguka dunia kwa karibu, hupita juu ya kituo kwa dakika kama kumi hivi, kisha inazama upeoni. Zikija mbili kwa wakati mmoja na antena ni moja, mojawapo itakosa. Mtandao wa kuongoza setilaiti uliokuwa wa Jeshi la Anga la Marekani, ambao wanasayansi wa kompyuta wameutumia sana kama mfano, ulielezwa kuwa na antena 16 katika vituo 9, na maombi ya kutumia antena takriban 500 kwa siku. Programu huyapanga maombi kwa foleni, ikahesabu yaliyokosa nafasi, ikabadilisha nafasi za mawili matatu, ikahesabu tena. Ukitaka kujua kwa nini haijaribu foleni zote, chukua maombi 20 tu: yanapangika kwa namna zaidi ya trilioni milioni mbili. Ndiyo maana inatafuta kwa ujanja, na ndiyo maana neno ni utafutaji.

Kwenye kuratibu ndipo ningemrudisha nyuma msimamizi wako kidogo. Neno lina mzizi mmoja wa Kiarabu na ratiba, kwa hiyo kosa si la maana ya asili. Shida ni mazoea: mratibu tunayemjua maofisini ni yule anayeunganisha watu na shughuli zao, hivyo msomaji atadhani unazungumzia nani ashirikiane na nani. Wewe unazungumzia nani ashike antena saa ngapi. Hapo Kiswahili kina neno zuri kuliko yote mawili, nalo ni zamu. Walinzi wana zamu, wauguzi wana zamu, na bombani pia kuna zamu ya kuchota. (Tofauti ni kwamba ndoo husubiri, setilaiti haisubiri.) "Kupanga ratiba" nayo ni sawa, ila ratiba ni ile karatasi inayotoka mwisho, kinachogombaniwa ni zamu.

Halafu zile "za" mbili zinazofuatana, "za utafiti za kuratibu", zinamkwaza msomaji hata kama sarufi inaziruhusu. Mimi ningeandika: "Algoriti za utafutaji katika kupanga zamu za mawasiliano kati ya setilaiti na vituo vya ardhini."

Setilaiti iache ilivyo. Wako wanaoandika satelaiti. Chagua moja, usizichanganye ndani ya tasnifu moja.