Uji Nilioulazimisha

Mama mdogo aliporudishwa nyumbani Tanga, saratani ya shingo ya kizazi ikiwa imeshatapakaa, mimi kazi niliijua moja: kumlisha. "Kunywa japo vijiko viwili, mama." Siku hiyo uji ukampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Aliyeninyang'anya kijiko ni bibi wa nyumba ya tatu, ambaye mtaani kwetu mgonjwa akizidiwa ndiye huitwa. "Mwanangu, anaondoka, ndiyo maana hataki kula. Usiligeuze." Akachovya pamba kwenye maji, akamlowesha midomo. Basi.

Huko Marekani kazi hii ina jina, dula wa mwisho wa maisha, na chama cha INELDA kimekuwa kikiifundisha tangu 2015. Dula hatoi dawa wala hachomi sindano. Hukaa na mgonjwa, humsikiliza, huwapokea zamu wanaouguza. Bibi yetu hakuwahi kulisikia neno hilo; tulimshukuru kwa doti ya kanga.

Kama unauguza sasa, mtafute mtu wa namna hiyo mapema, mgonjwa angali anazungumza. Bibi ndiye aliyethubutu kumuuliza mama mdogo kama ana deni. Kumbe muuza samaki alikuwa anamdai shilingi 18,000! Tukalipa jioni ileile, na usiku akalala. Sisi wanawe tungeona tunamchuria.

Ila mtu huyo asichukue nafasi ya tiba shufaa, yaani matibabu ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Mjomba aliificha mofini ya maji akihofia mgonjwa "atazoea", hadi muuguzi alipomweleza kwamba hupewa kila baada ya saa 4, maumivu yasisubiriwe yapande. Bibi hakubishana naye. Alishika saa tu.

Na wageni, jamani! Kila aingiaye anaangua kilio juu ya kitanda. Bibi akakaa mlangoni: "Machozi yaishie barazani."

Usiku wa mwisho koo lilikoroma, pumzi ikawa inakatika na kurudi. Nilitaka kukimbilia gari. Bibi akanionyesha namna ya kumlaza ubavu, akasema koo hukoroma hivyo mtu akikaribia. Akamlakinia shahada sikioni, taratibu, bila kumkazania.

Alfajiri alimfumba macho, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uji. Langu mimi. Sikuweza kulimaliza, naye hakunilazimisha.